Naomba ushauri: ziara ya kuongozwa ya kuwatazama ndege mbuai wanapohama, nikiwa na mzazi wangu

Binti Upeo (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Naomba ushauri wa wale waliokwisha kusafiri kwa ajili ya kuwatazama ndege mbuai katika msimu wa kuhama, yaani tai, vipanga, mwewe na jamaa zao. Nimekuwa nikiwatazama ndege peke yangu kwa muda mrefu, na sasa nimepata nafasi ya kufunga safari moja kubwa pamoja na baba yangu. Mzee anatembea vizuri kwenye tambarare, ila hawezi kupanda kilima kirefu wala kusimama kutwa nzima. Hajui bado kumtofautisha kipanga na mwewe, lakini anaisubiri safari hii kuliko hata mimi.

Likizo yangu inaanza katika siku za mwisho za Septemba na kumalizika wiki ya kwanza ya Oktoba, na siwezi kuisogeza. Nimesoma kuhusu Batumi nchini Georgia, Tarifa nchini Hispania na Veracruz nchini Mexico, na kila mahali panasifiwa. Moyo wangu unavutwa na Batumi kwa sababu ya wingi wa ndege. Wakati huohuo, kampuni moja imenipa ratiba ya juma moja inayozunguka sehemu nyingi, kila siku mbili mahali papya.

Ninyi mngechagua wapi? Je, kuna haja ya kuwa na mwongozaji, au mtu anaweza kujisimamia mwenyewe? Na kabla sijalipa, niiulize nini kampuni?

Mlinda Milima

Dada, mfikishie mzee shikamoo yangu.

Mimi ningekushauri uanze na tarehe zako, kwa kuwa haziwezi kubadilika, na tarehe ndizo zinazoamua utawaona ndege gani. Ndege wakubwa wenye mabawa mapana hawahami kwa kupiga mabawa njia nzima. Wanatafuta hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, wanazunguka ndani yake hadi juu, kisha wanateleza mbele kwa mabawa yaliyotulia mpaka wakutane na hewa nyingine inayopanda. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, kwa hiyo ndege hawa hukwepa maji mapana na kujikuta wamebanwa katika njia chache nyembamba. Batumi imekaa kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Caucasus, Veracruz iko kati ya Ghuba ya Mexico na milima ya Sierra Madre Oriental, na Tarifa inatazamana na Afrika mahali ambapo mlango wa bahari wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 tu.

Sasa rudi kwenye kalenda. Batumi hupitiwa na ndege mbuai zaidi ya 1,000,000 kila vuli, yaani majira ya kabla ya baridi kule kaskazini, lakini hawaji wote pamoja. Kipanga mla nyigu (Pernis apivorus), ambaye ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo, hupita kwa wingi mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo wewe utamkosa, au utaona wachache waliochelewa. Tarehe zako ni za shakivale wa nyika (Buteo buteo vulpinus), mbuai wa wastani mwenye mabawa mapana, na za tai madoa mdogo (Clanga pomarina), na kwa maoni yangu huo ndio wakati wenye aina nyingi zaidi na wa kupendeza zaidi kwa mtu anayependa tai. Tarifa katika siku hizohizo ina tai mla nyoka (Circaetus gallicus) na tai mdogo (Hieraaetus pennatus), wakati mwewe weusi walio wengi wameshavuka tangu Agosti. Veracruz ndiyo yenye idadi kubwa kuliko zote, zaidi ya 4,000,000 kwa vuli moja, na mwisho wa Septemba ndipo shakivale mabawa-mapana (Buteo platypterus) wanapofika kileleni. Shakivale wa Swainson na tumbusi kichwa-chekundu hushamiri baadaye kidogo, ndani ya Oktoba.

Kwa hiyo hakuna mahali ambapo umechelewa. Amua kwanza unamtaka ndege yupi.

Jicho la Asubuhi

Ninajibu swali lako la mwongozaji, kwa sababu naliona zito kuliko la mahali.

Mtu anayewajua ndege wa miti na bustani huduwaa anapofika kwenye kituo cha kuwatazama ndege mbuai. Huku huoni rangi ya jicho wala huisikii sauti. Unaona kivuli cheusi kilicho mbali, kinachogeuka, na una sekunde chache kabla hakijaingia kwenye wingu. Anayekaa pembeni yako na kusema kwa utulivu, «tazama mkia, sasa tazama kichwa,» anakufundisha kwa siku moja yale ambayo kitabu hakiwezi. Kipanga mla nyigu ana kichwa chembamba kilichochomoza mbele kama cha njiwa, mkia mrefu, na anapozunguka huyaweka mabawa yake bapa. Shakivale anapozunguka huyainua kidogo. Tai madoa mdogo anapoteleza huyashusha mabawa yake kuelekea nchani, na manyoya ya nchani yamepanuka kama vidole. Mwewe huupindapinda mkia wake muda wote kama anayeshika usukani. Ukishavizoea vitu hivi vichache, anga nzima inaanza kusomeka.

Kabla ya kulipa, iulize kampuni maswali haya na udai majibu ya maandishi. Mwongozaji mmoja anabeba watu wangapi? Kundi lina teleskopu ngapi zenye stendi, maana teleskopu moja kwa watu wengi ina maana kwamba mzee atafika zamu yake ndege akiwa ameshakwenda? Mwongozaji amewahi kukaa kwenye kituo hicho katika msimu huohuo, au anajua ndege kwa ujumla tu? Siku ya mvua mnafanya nini? Na swali ambalo watu husahau: asubuhi nani anaamua mwende wapi, ratiba iliyochapishwa au upepo wa siku hiyo? Ikiwa jibu ni ratiba, tafuta kampuni nyingine.

Kuhusu ile ratiba ya kuzunguka, iache. Uhamaji huja kwa mawimbi. Siku mbili zinaweza kupita kimya kabisa kwa sababu ya mvua iliyowazuia ndege mbali kaskazini, ambako wewe huioni, halafu siku ya tatu mbingu zikafunguka na ndege wote waliokuwa wakisubiri wakaja kwa pamoja. Anayehama kila baada ya siku mbili huondoka mahali pale siku ile ambayo angepaswa kuwapo. Kaa mahali pamoja juma zima.

Msafiri Mpole

Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa nataka kuutetea ule mvuto wako wa Batumi, kwa sababu naona wenzangu wanakuelekeza kwenye hesabu tu.

Pale Batumi kuna vituo viwili vya kuhesabia, kimoja Sakhalvasho na kingine Shuamta, na wahesabuji wa kujitolea wamekuwa wakifanya kazi hiyo kila vuli tangu 2008. Kukaa karibu nao ni elimu. Unasikia mtu anaita mwelekeo, mwingine anajibu kwa aina na idadi, na unapoinua darubini kuelekea wingu jeupe unaliona kundi likizunguka, mamia kwa mamia, kama kumbikumbi kwenye taa. Milima ya nyuma inapofunikwa na mawingu, ndege husogezwa upande wa pwani na kupita chini, na siku za namna hiyo hakuna kituo kingine barani Ulaya kinachofanana nacho.

Jambo la pili ni kwamba ujio wa wageni una maana kwa ndege wenyewe. Katika eneo lile ndege mbuai wamepigwa risasi kwa miaka mingi, na mgeni anayelala katika nyumba ya wageni kijijini huwapa wenyeji sababu nyingine ya kuupenda msimu huu. Usishangae ukisikia mlio wa bunduki. Umuulize mwongozaji, na ukubali kusikiliza maelezo ambayo si mepesi. Kuna pia utamaduni wa zamani wa kumnasa kipanga mdogo na kumfunza kuwinda tombo, na hao wafugaji wa vipanga si lazima wawe watu walewale wanaofyatua risasi.

Ila niseme ukweli kuhusu baba: vituo vile viko vilimani, na hufikiwa kwa kupanda. Uliza urefu wa njia ya miguu kutoka gari linapoishia, kama kuna ngazi, na kama kuna mahali pa kuketi penye kivuli. Usikubali jibu la «si mbali».

Mlinda Milima

Ndugu yangu hapo juu amesema vizuri, nami naipenda Batumi. Lakini kuna jambo ambalo idadi kubwa hulificha, na mleta uzi anasafiri na mtu ambaye si mzoefu.

Saa sita mchana, jua likiwa kali na hewa ikipanda kwa nguvu, ndege hupaa juu mno kiasi kwamba hata mzoefu anawaona kama punje za vumbi. Mhesabuji anafurahi kwa sababu punje ni elfu kumi. Mzee atasema hajaona tai hata mmoja, na atakuwa na haki. Kwa mtu anayeanza, tai mmoja anayepita chini, taratibu, tumbo lake jeupe likionekana na kichwa kikigeuka kukutazama, ana thamani kuliko wingu zima la nukta. Kwa hiyo ningemtafutia baba mahali ambapo ndege hushuka, na ningepanga kutazama asubuhi kabla hewa haijapata nguvu, kisha tena alasiri wanaposhuka kutafuta pa kulala, na katikati ya siku nikampumzisha.

Kwa sifa hizo Tarifa inafaa. Kituo cha Cazalla kiko kando ya barabara kuu, gari linafika. Ukikaa pale unaiona milima ya Morocco ng'ambo ya maji kwa macho matupu, na mzee ataelewa bila kuelezwa kwa nini ndege wamekusanyika hapo. Veracruz nayo haina shida ya miguu, kwa kuwa moja ya vituo vyake maarufu ni paa la hoteli katika mji wa Cardel, lakini ni msimu wa mvua na vimbunga katika Ghuba, na makundi hupita juu sana.

Binti Upeo (mleta uzi)

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Ratiba ya kuzunguka nimeiacha. Nimezungumza na baba, na amesema angependa kumwona ndege mmoja vizuri kuliko kuambiwa kwamba wengi wamepita. Kwa hiyo tunaelekea Tarifa, na Batumi nitakwenda mwaka mwingine nikiwa peke yangu.

Nimebaki na hofu moja. Nimesoma kwamba upepo wa mashariki, ule wanaouita Levante, huvuma pale kwa nguvu na kwa siku nyingi mfululizo. Ukituangukia juma zima, safari itakuwa imeharibika? Na darubini ya baba iwe ya aina gani?

Jicho la Asubuhi

Nianze na darubini. Mnunulie, au umwazime, ya 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Wengi watakushauri 10x42 kwa sababu ndege wako mbali, na kwako wewe huenda ni sawa, lakini ukuzaji mkubwa hukuza pia mtetemo wa mikono na kupunguza eneo la anga linaloonekana, na anayeanza hushindwa kumpata ndege kabisa. Kwa zile nukta za mbali kuna teleskopu ya mwongozaji. Mchukulie pia kiti cha kukunja chenye mgongo wa kuegemea, kwa kuwa shingo huchoka kabla ya macho.

Mlinda Milima

Levante usiiogope, mradi tu una mwongozaji anayeielewa. Upepo ule unapovuma kwa nguvu, ndege wanaopaa hawathubutu kuvuka, kwa sababu ungewasukuma magharibi kuelekea Atlantiki. Basi hubaki upande wa Hispania, wakijaribu na kurudi. Utawaona tai wala nyoka wakitoka juu ya ufukwe, wakisogea juu ya maji kwa muda, halafu mmoja anageuka na wenzake wote wanamfuata kurudi nchi kavu, wakipita chini juu ya vichwa vya watu. Kwa ndege hiyo ni siku ngumu, na mtazamaji asiwakaribie wala kuwasumbua pale wanapotua kupumzika, maana wanatumia nguvu walizoweka akiba kwa safari ndefu iliyo mbele yao. Kwa mzee, hiyo ndiyo siku ambayo atawaona kwa karibu.

Upepo ukizidi hata kusimama kukawa kazi, mwombe mwongozaji awapeleke La Janda, uwanda wa mashamba ulioko kaskazini-magharibi ya Tarifa, ambako mnaweza kutazama mkiwa ndani ya gari. Kila mtakapoliona kundi la tumbusi, mwambieni akague mmoja mmoja, kwa sababu miongoni mwao huwamo tumbusi wa Rüppell, ambaye ni ndege wa Afrika anayeelekea kaskazini pamoja na tumbusi wa Ulaya wanaporudi.

Upepo utakapotulia, wahini kituoni mapema asubuhi, kwa kuwa wote waliokwama wataondoka siku hiyohiyo. Mwambie mwongozaji kabisa, tangu siku ya kwanza, kwamba asubuhi hiyo hamtaki kwenda kokote kwingine.