Je, ni haki furaha ya mwalimu ihesabiwe kwa alama A peke yake?

Mwalimu wa Hisabati, Singida

Ndugu walimu wenzangu, ninaomba ushauri wenu kuhusu jambo lililozuka shuleni kwetu baada ya Baraza la Mitihani kutangaza matokeo ya kidato cha nne. Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, na safari hii somo langu limefanya vizuri kuliko nilivyowahi kuona tangu nianze kufundisha hapa. Mnaofundisha Hisabati mnaelewa uzito wa maneno hayo, kwa kuwa kwa miaka mingi ni takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano aliyekuwa akifaulu somo hili kitaifa, na hata ufaulu ulipopanda mwaka 2023 ulifikia kiasi cha robo tu ya watahiniwa.

Bodi ya shule imeandaa hafla ya kutupongeza, na kila mwalimu atapewa bahasha kulingana na idadi ya A zilizopatikana katika somo lake. Ninaishukuru bodi kwa moyo wote. Hata hivyo, furaha yangu kubwa haiko kwenye A. Kijana aliyepata A alikuja kidato cha kwanza akiwa tayari anaipenda Hisabati, na kazi yangu ilikuwa kumpa maswali magumu zaidi na kumwacha aendelee. Aliyenitoa machozi ni msichana aliyepata D.

Msichana huyo alipata F katika upimaji wa kidato cha pili, na daftari lake lilikuwa tupu kila tulipofika kwenye maswali ya maelezo. Jioni moja nilimsomea swali kwa Kiswahili, lile la baba anayegawa shamba kwa wanawe kwa uwiano, naye akalikokotoa bila kuuliza chochote. Hapo nikaelewa kwamba hesabu alikuwa anaziweza. Kilichomshinda ni Kiingereza cha swali, kwa sababu alisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na kukuta kila kitu kimegeuka. Tulianza kujifunza yale maneno machache ya kuamrisha yanayorudiwa katika kila mtihani, yanayomtaka mtahiniwa athibitishe, arahisishe, akadirie au atafute, na wenzake kadhaa wakajiunga nasi. Wengi wa kundi hilo wamepata D, na wawili wamepata C.

Katika hesabu ya bodi, watoto hawa hawapo. Je, ni sahihi niiombe bodi iwatambue, au nitaonekana ninatafuta bahasha zaidi? Nanyi, mnamwonyeshaje furaha yenu mwanafunzi ambaye ubao wa matangazo hautamtaja?

Mwalimu mstaafu, Iringa

Mwanangu, pokea pongezi zangu, na usiione haya furaha hiyo, kwa kuwa ni halali yako.

Nimeishi katika kazi hii wakati matokeo yalipokuwa yakija kwa karatasi, na mkuu wa shule akipanda basi kwenda kuyachukua wilayani. Nimeyaona pia matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo takriban watahiniwa sita kati ya kumi walipata daraja sifuri, hadi Serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Mwaka ule tulikaa ofisini hakuna aliyetaka kuzungumza, na tulipokuja kuzungumza tuligundua kwamba tulikuwa tunawafahamu vizuri watoto wa daraja la kwanza na hatuwafahamu kabisa waliokuwa wakianguka, hatukujua hata walikwama kwenye mada ipi. Wewe ulijua msichana wako amekwama wapi. Hilo ndilo lililomvusha, na walimu vijana wanaosoma hapa ningependa walitazame hilo kabla ya kutazama bahasha.

Kuhusu swali lako la pili, mwite yeye mwenyewe na umtajie kwa kinaganaga kile alichokifanya. Ukimwambia tu kwamba amefanya vizuri, atadhani unampongeza kama unavyompongeza kila mtu. Mwambie kwamba ulimwona akirudia uwiano na matriki wakati wenzake wamekwisha kwenda nyumbani. Kisha nenda kwao umwambie mzazi wake maneno hayohayo, naye akiwepo anasikia. Mzazi ambaye hakupita sekondari akiiona herufi D kwenye karatasi huenda akafikiri mtoto wake ameshindwa, na kama hakuna wa kumweleza, mtoto ataaibishwa nyumbani kwa ushindi wake.

Mkuu wa shule, Morogoro

Mwalimu, ninaandika nikiwa miongoni mwa wanaotoa hizo bahasha, hivyo naomba nizitetee kidogo. Shule nyingi za serikali zina upungufu mkubwa wa walimu wa Hisabati na sayansi, na aliyepo hubeba vipindi vya watu wawili. Wazazi wanapochangishana ili kumshukuru, huchagua kipimo ambacho kila mtu anakielewa bila maelezo, na A inaeleweka. Sioni ubaya katika nia yao.

Hata hivyo, ninakubaliana nawe kwamba kipimo hicho kina kasoro, na kasoro yake inaonekana darasani kabla ya kuonekana kwenye hafla. Mwalimu akijua kwamba anahesabiwa A tu, atatumia jioni zake kumsukuma wa B afike A, na yule wa F ataachwa, kwa sababu hata akijitahidi vipi hataongeza chochote kwenye bahasha. Baraza lenyewe, lilipotangaza matokeo Januari 2023, liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Kama ngazi ya taifa imeona kwamba orodha ya vinara haisemi yote, shule ya kata inaweza kuliona hilo pia.

Kwa hiyo iombe bodi, lakini usiende na hisia peke yake. Nenda na jedwali. Chukua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya watoto hawa, uyaweke kando ya matokeo ya kidato cha nne, na uhesabu kila mtoto amepanda ngazi ngapi katika somo lako. Aliyetoka F akafika D amepanda moja, aliyetoka F akafika C amepanda mbili, na aliyebaki kwenye A hajashuka, nalo ni jambo la kushukuru. Mitihani yote miwili ni ya taifa, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba umejisahihishia mwenyewe. Ombi lihusu masomo yote na walimu wote, na hapo hakuna atakayedhani unajitafutia.

Waeleze pia wajumbe maana ya D katika mfumo wetu. Alama hiyo, kuanzia 30 hadi 44, inahesabiwa kuwa ni ufaulu. Mtahiniwa huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo D ina pointi 4 na F ina pointi 5. Aliyepata F saba ana pointi 35, yaani daraja sifuri, na D mbili tu zinamfikisha pointi 33 na kumwingiza daraja la nne. Mjumbe akilifahamu hilo, hatakuuliza kwa nini ulilia kwa ajili ya D.

Mwalimu wa sekondari, Nakuru, Kenya

Ninawapongeza kutoka upande huu wa mpaka. Huku kwetu furaha ya matokeo huonekana hadharani zaidi: mwanafunzi aliyeongoza hubebwa mabegani, mkuu wa shule naye hubebwa, akina mama huimba na kupiga vigelegele, na kamera za televisheni hufika. Ni siku nzuri, nami nimewahi kucheza hadi sauti ikanikauka. Ila mwaka 2014 Serikali yetu ilipopiga marufuku kuziorodhesha shule kwa matokeo, mjadala uliofuata ulikuwa mkali sana, kwa kuwa wengine waliona juhudi zinazimwa, na wengine waliona watoto wanapumzishwa. Binafsi nilikuwa upande wa pili na bado nipo huko.

Ninayemtazama ninapofikiria furaha ya mwalimu ni Peter Tabichi, aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019 akiwa anafundisha Hisabati na Fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, katika kaunti yetu hii. Shule ilikuwa na kompyuta moja, na wengi wa wanafunzi walitoka katika familia maskini. Wanafunzi waliojiunga na vyuo waliongezeka kutoka 16 mwaka 2017 hadi 26 mwaka 2018. Shule kubwa ingeweza kuiona idadi hiyo kuwa ndogo sana, lakini ukijua walikotoka watoto hao, utaelewa kwa nini dunia ilisimama kumshangilia mwalimu wao.

Muuguzi, Dodoma

Mimi si mwalimu, lakini naomba niseme neno nikiwa mmoja wa wale wa D. Nilipata D katika Kemia, Fizikia na Baiolojia, na alama hizo ndizo zilizonifungulia mlango wa chuo cha uuguzi. Nilipokwenda kumuaga mwalimu wangu wa Kemia, alinishika mkono mbele ya walimu wenzake na kuwaambia kwamba huyu ndiye aliyekuwa akibaki maabara kuosha vyombo ili apate nafasi ya kuuliza. Sikujua kwamba alikuwa ameligundua hilo. Chuoni, kila nilipotaka kukata tamaa, nilikumbuka kwamba yupo mtu mmoja aliyeniona nikijitahidi. Mwalimu wa Singida, tafadhali nenda kwao msichana huyo kabla hajaondoka kijijini kutafuta kazi za ndani.

Mwalimu wa Hisabati, Singida

Ninawashukuru sana. Shikamoo, Mzee wangu wa Iringa. Jana nilifika nyumbani kwa binti huyo, na mama yake aliniuliza kama D ni ile alama ya mwisho. Nilikaa hadi jua likazama nikimweleza, na tumekubaliana kwamba binti aombe chuo, nami nitamsaidia kujaza fomu. Jedwali nimelianza pamoja na mwalimu wa taaluma, na walimu wa Fizikia na Kiingereza wameomba masomo yao yaingizwe. Nimekwama sehemu moja tu: wapo watoto waliohamia kwetu kidato cha tatu, na matokeo yao ya kidato cha pili hayamo katika kumbukumbu zetu. Niwaache?

Mkuu wa shule, Morogoro

Usiwaache, Mwalimu. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yapo kwenye tovuti ya Baraza, yamepangwa kwa shule walizofanyia mtihani. Waulize watoto namba zao za zamani, na kama wamezisahau, mwalimu wa taaluma wa shule walikotoka atakuwa nazo. Waweke katika safu yao ya pekee, ili bodi ione kwamba sehemu ya kazi ilifanywa na mwalimu mwingine kabla yako, naye apelekewe barua ya shukrani.