Runinga ya chogo isiyo na tundu la kutolea sauti

Swali, kutoka Ngamiani, Tanga: Spika ya runinga yangu imechanika, na mtangazaji husikika kana kwamba yumo ndani ya debe. Je, naweza kuvuta nyaya za spika hadi kwenye sabufa?

Jibu: Usithubutu, ndugu yangu. Chasisi (fremu ya ndani inayobeba saketi) za runinga nyingi za aina hiyo hazijatenganishwa na umeme wa ukutani wa volti 230, hivyo waya huo unaweza kukuua. Chukua sauti kwenye king'amuzi, katika matundu mekundu na meupe yaliyo nyuma yake, kisha uizime ya runinga.

Jibu: Naafiki. Picha itaendelea kupita kwenye waya wa antena kama kawaida.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe matundu hayo yalikuwa yamezibwa na vumbi tu!