Nimetengwa na jumuiya ya maombi, na mama yangu haruhusiwi kunisalimu

Binti wa Kibosho: Habari za jioni, wapendwa. Naandika kutoka Moshi. Kwa miaka tisa niliishi katika jumuiya ya maombi, ambayo jina lake naliacha, tukila chungu kimoja na kukabidhi mapato yote kwa kiongozi tuliyemwita Baba. Mwezi Machi, baada ya sala ya alfajiri, niliuliza mbele ya wote fedha za kahawa zilikokwenda. Siku ya tatu jina langu lilisomwa, nikakabidhiwa begi langu langoni, na cherehani niliyoingia nayo ikabaki ndani. Hayo nayavumilia. Linaloninyima usingizi ni kwamba mama yangu mzazi bado yumo, na Jumamosi tulipokutana soko la Mbuyuni aliinama akazipapasa ndizi za watu, asizozinunua, mpaka nilipopita. Nimeambiwa nikiandika barua ya kukiri kwamba nilisema uongo nitarejeshwa. Je, niiandike?

Mzee wa Machame: Pole sana, mwanangu. Kwetu Uchagani aliyekosa hupeleka jani la sale, na aliyekosewa hana budi kusamehe. Lakini hatujawahi kumbebesha sale mtu aliyeuliza hesabu. Barua hiyo ukiisaini, siku nyingine ukiuliza lolote itasomwa hadharani. Kuhusu mama yako, mtafute shangazi au mama mdogo asiye wa jumuiya hiyo, awe anampelekea salamu zako bila kumbana.

Msaidizi wa Kisheria, Arusha: Dada, Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa imani, na ibara hiyohiyo inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, kwa hiyo sitegemei mahakama iwaamuru wakupokee, wala mama yako akusalimu. Cherehani ni habari nyingine, mradi hukuitoa sadaka. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na stakabadhi au shahidi.

Novisi wa Zamani: Niliwahi kuishi utawani, na kutengwa kulikuwamo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto tuliyoisoma, iliyoandikwa karne ya 6. Hata hivyo sura ya 27 inamtaka abate, yaani mkuu wa watawa, awatume ndugu wazee, kama kwa siri, wamfariji aliyetengwa, na sura ya 29 inaruhusu aliyeondoka apokelewe tena hata mara tatu. Kwenu alitumwa nani? (Samahani kama swali langu linaumiza.)

Binti wa Kibosho: Hakutumwa mtu. Nawashukuru nyote, barua sitaiandika, na mama mdogo wa Marangu amekubali kwenda Jumapili. Stakabadhi ya cherehani ninayo, ila mnunuzi alikuwa mama, na jina lililoandikwa ni lake. Nikiidai, ataitwa yeye aseme ni ya nani, na Baba akiwa amekaa palepale.