Naomba ushauri: jeni za kiinitete, panya au yai la kuku?

Wakubwa na wenzangu, jambo kwenu. Nasomea biolojia hapa Bukavu, na kazi yangu ya kumaliza masomo nataka iwe juu ya Pax6, jeni inayoongoza kuumbwa kwa jicho mimba ikiwa bado changa. Panya mwenye nakala moja ya jeni hii iliyoharibika, kati ya mbili alizo nazo, huzaliwa na macho madogo. Zikiharibika zote mbili, huzaliwa bila macho wala pua na hufa papo hapo. Kwa binadamu, nakala moja ikiharibika mtoto huzaliwa bila ile duara yenye rangi ndani ya jicho. Ndiyo maana siwezi kuiacha mada hii.

Shida ni panya wenyewe. Wale waliobadilishwa jeni huagizwa nje, wanataka chumba chenye joto lisiloyumba na taa za kuwaka kwa saa zake, na umeme wetu mnaujua. Tena mimba yao ni siku kama 20, na macho huanza kuchomoza siku ya 9 hivi, kwa hiyo ni lazima kumuua mama ili uone.

Mwalimu wangu ananishauri nitumie mayai ya kuku yenye mbegu: unatoboa kidirisha kwenye ganda, na siku ya 3 unaona moyo ukidunda. Naelekea huko. Je, jopo la watahini litakubali nilinganishe kuku wangu na matokeo ya panya yaliyokwisha kuchapishwa? Na kitotoleshi mnakilindaje umeme ukikatika usiku? Walio Lubumbashi pia, nisaidieni.