Naomba ushauri: shamba la mikarafuu la baba, nichanganye mazao au tulime muhogo mtupu?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niko Pemba upande wa Wete, baba katuachia eka mbili za mikarafuu, mingi imezeeka, na karafuu mnazijua, mwaka huu unajaza majamvi mwaka wa pili hupati hata za kuwalipa wachumaji pishi zao. Kaka yangu anataka tuombe kibali tuikate tulime muhogo mtupu tupate pesa ya haraka. Mie roho inaniuma, pale kwenye mteremko mvua ya masika inashusha udongo mpaka maji ya bondeni yanakua mekundu, sasa tukitoa na miti si tutabaki na mawe?

Fikra yangu nipande miche mipya kwenye mapengo, pilipili manga ipande kwenye mikarafuu iliyopo, vanila kidogo chini ya kivuli, ng'ombe wawili wa samadi na mizinga ya nyuki. Vanila nishaijaribu mashina sita, ua linafunguka siku moja tu, asubuhi nalichavusha kwa mkono kwa kijiti cha uchelewa, kazi lakini naipenda.

Tabu ni hesabu. Mkarafuu mchanga unataka miaka sita hivi, vanila mitatu, na bei yake ya dunia ilipaa 2018 halafu ikaporomoka. Hapo katikati tunakula nini? Na ule udongo unaobaki shambani naupigiaje hesabu mpaka kaka akubali? Alochanganya mazao hivi anambie alianza na lipi, tafadhalini.