Tupeane uzoefu: ulipokuwa BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), nani hasa alikulea, chuo au shule?

Mwanzisha mada
Ndugu walimu na wakufunzi, vyuo vingi vya ualimu nchini vina shule ya mazoezi jirani, ambako mwanachuo huingia darasa halisi huku mkufunzi wake akiwa karibu. Hata hivyo, shule hiyo moja haiwezi kuwapokea wote, na wengi hupangiwa shule ambazo mawasiliano yao na chuo hayazidi barua ya utambulisho. Naomba mliopitia mazoezini, mliopokea wanachuo na mliowasimamia mtueleze mlichokiona wenyewe, kwa sababu mwalimu mpya anayeachwa peke yake hujifunza kwa gharama ya watoto wa watu.

Mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma
Mimi ni wa kipindi cha MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002, ada ya shule za msingi ilipokuwa imefutwa na watoto wamefurika madarasani. Wenzangu wa Daraja A, cheti cha ualimu wa shule za msingi, watakumbuka kwamba tulisoma mwaka mmoja chuoni, na mwaka wa pili tukafundisha shuleni chini ya uangalizi. Wengi waliubeza utaratibu huo, lakini kwangu mwaka wa shuleni ndio ulionifanya mwalimu, kwa kuwa mwalimu mkuu alinikabidhi kwa mama mmoja wa darasa la kwanza aliyekuwa akiketi dawati la nyuma, akisikiliza namna ninavyofundisha silabi, kisha tukapitia andalio la somo pamoja kabla ya kesho yake. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mkufunzi alipokuja kunikagua alizungumza nami tu, na yule mama, aliyeujua udhaifu wangu kuliko mtu yeyote, hakuulizwa lolote.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro
Nakubaliana na mwalimu wa Dodoma, ila kwetu hali ni ngumu zaidi. Tuliwahi kumpokea mwanachuo wa fizikia wakati shule haina mwalimu hata mmoja wa somo hilo, naye akapewa mikondo yote siku aliyoripoti. Tulifurahi, wanafunzi walifurahi, na kijana wa watu akajitahidi sana, lakini hapakuwa na wa kumwambia kwamba jaribio lake la umeme limeeleweka vibaya. Kwa maoni yangu, chuo kingeuliza mapema kama mwalimu wa somo yupo, kingempangia shule nyingine, au angalau kingewaweka wanachuo wawili wa somo moja pamoja ili waangaliane.

Mkufunzi wa chuo cha ualimu
Lawama ya kutomwuliza mwalimu mwenyeji ni ya haki. Mwaka mmoja tuliwaalika chuoni walimu wenyeji wa shule za jirani kabla ya mazoezi, tukaisoma nao fomu ya tathmini kipengele kwa kipengele, na tukakubaliana kwamba baada ya kila ukaguzi tutaketi watatu: mwanachuo, mwenyeji na mkufunzi. Ubishi ulikuwapo, hasa mahali ambapo sisi tuliona somo zuri na mwenyeji akaona nusu ya darasa haikushiriki, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa sahihi kwa kuwa aliwafahamu watoto kwa majina. Kilichotushinda ni nauli na posho za kuwaleta walimu wa shule za mbali, kwa hiyo huko tumebaki na simu.

Mwalimu mkuu, shule ya msingi
Mkufunzi, shukrani kwa maelezo hayo. Naomba niongeze upande wa shule, ambao haujaguswa: mwalimu mwenyeji ana vipindi vyake, madaftari ya kusahihisha na zamu, na ulezi wa mwanachuo humwongezea kazi isiyoandikwa popote. Shuleni kwangu tulimpunguzia mlezi vipindi vichache, nacho chuo kikakubali mkufunzi wake wa hisabati awaongoze walimu wetu wote kutengeneza zana za kufundishia hesabu za sehemu. Je, kuna shule iliyowahi kuandikiana makubaliano ya namna hii na chuo, na yalisema nini kuhusu muda wa mlezi?