Miaka 30 ya kumaliza Kidato cha Nne: tunawapataje walimu wetu wastaafu, na tuwapokeeje?

Kidato96:

Wakuu, heshima kwenu. Darasa letu lilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1996, shule ya serikali ya bweni mkoani Iringa. Mwaka huu tunatimiza miaka 30 na tumekubaliana tukutane palepale shuleni, safari hii walimu ndio wawe wageni rasmi, si mbunge wala diwani. Kundi letu la WhatsApp lina watu 64, mchango tumepanga 150,000 kwa kila mmoja. Walimu tuliowaorodhesha ni 14, lakini wenye namba zinazopatikana ni watatu tu. Baadhi ya wenzetu wanang'ang'ania tarehe 8 Agosti kwa sababu ni Jumamosi na ni sikukuu.

Wenye uzoefu wa kuandaa shughuli za namna hii: hawa wengine 11 wanatafutwaje, bajeti ikaeje, na siku yenyewe tujihadhari na nini?

---

BwaloKuu:

Mkuu, tarehe kwanza. Tarehe 8 Agosti achaneni nayo. Ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, na maonesho ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini yanafanyika Mbeya, kwa hiyo wiki hiyo barabara ya Mbeya–Iringa inajaa na mwalimu wa kutoka huko atabanana na mizigo ya watu. Juni na Julai pia hapana, baridi ya Iringa kwa mtu wa miaka 70 anayetoka Dar si mchezo. Novemba shule iko kwenye mtihani wa taifa, mkuu wa shule hatawasikiliza. Lengeni Septemba, Jumamosi ya tarehe 12 au 19. Ila muulizeni kwanza mkuu wa shule likizo fupi ya muhula wa pili imeangukia lini, msije mkakuta mabweni yamefungwa na mlitaka wanafunzi wawepo.

Barua iende kwa mkuu wa shule, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu sekondari, miezi miwili kabla kwa uchache. Andikeni idadi ya watu, saa ya kuanza na kumaliza, nani anapika, na kama kutakuwa na pombe (isiwepo, mko eneo la shule). Barua isiyo na saa ya kumaliza inaweza kurudishwa.

Sasa walimu. Pigeni hesabu ya umri kabla ya kuanza kuhangaika. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Aliyekuwa na miaka 27 mwaka 1996 leo ana 57, maana yake huenda bado yuko kazini na hamna sababu ya kumtafuta kwa wastaafu. Huyo anapatikana kwa afisa elimu, pengine ndiye mkuu wa shule wilaya ya jirani. Igaweni orodha yenu ya 14 kwa makisio hayo.

Kwa waliostaafu, vyanzo ni hivi. Ubao wa wakuu wa shule uliopo ofisini unawapa majina na miaka. Angalieni pia sahihi na majina kwenye cheti chenu cha kuacha shule, maana jina kamili ndilo mnalolihitaji, kwa sababu "Mwalimu wa Jiografia" hapatikani popote. Nendeni kwa wapishi na walinzi wa zamani wanaoishi jirani na shule. Wao hawakuhama, na wanajua nani alijenga wapi. Katibu wa CWT (Chama cha Walimu Tanzania) wa wilaya naye anajua mengi. Tafuteni pia kwenye shule binafsi, wastaafu wa Hisabati na Fizikia hawakai nyumbani, wanachukuliwa kwa mkataba. Na ukishampata mmoja muulize kuhusu wenzake: walimu waliokaa nyumba za shule pamoja huzikana, kwa hiyo wanajuana walipo.

Ofisi za mifuko ya pensheni msizisumbue. Taarifa za mwanachama hawampi mtu baki, na wako sahihi.

---

mama_Kihesa:

Naongezea jambo ambalo wengi hawalifikirii: simu ya kwanza.

Wastaafu ndio wanaowindwa na matapeli. Wanapigiwa na watu wanaojifanya maofisa wa mafao, wanaambiwa kuna nyongeza, watume namba fulani. Sasa wewe unampigia mzee kwa namba ngeni: "Shikamoo mwalimu, mimi mwanafunzi wako wa 1996, tuna zawadi yako, nitumie jina kamili na namba ya akaunti." Atakata, na atakuwa amefanya vizuri.

Pitia kwa mtu anayemjua: mwanawe, mwalimu mwenzake, mchungaji au imamu wa mtaani kwake. Huyo atangulie kumwambia kwamba fulani atapiga. Ukipiga, jitambulishe kwa jina ulilotumia shuleni, mwaka, mkondo na bweni. Usimtege kwa "Mwalimu, unanikumbuka?" Amefundisha maelfu ya watoto; swali hilo linamfanya ama adanganye ama aone aibu. Simu ya kwanza iwe ya kusalimia na kumwalika tu. Habari za pesa zisiguswe.

Kupitia kwa mtoto kuna faida nyingine. Ndipo mtakapojua kama mwalimu yu hai, kama anaona vizuri, kama amefiwa na mwenza mwezi uliopita. Orodha ya marehemu isitokane na "nilisikia". Kila jina lithibitishwe na mwanafamilia, na kwa kila mwalimu aliyefariki mwalikeni mtu mmoja wa nyumbani kwake, akae meza moja na walimu.

---

MshikaDaftari:

Mimi nazungumzia hela tu.

Watu 64 mara 150,000 ni 9,600,000. Hiyo ni namba ya kwenye WhatsApp. Pangeni kwa nusu, 4,800,000, na kila kinachozidi kiongeze kitu kilichokwishapangwa, kisianzishe kitu kipya. Tena kosa ambalo kamati hurudia kila mara ni kuhesabu mwalimu kama kichwa kimoja. Mtu wa miaka 70 hasafiri peke yake, anakuja na mwenza au mjukuu. Kati ya walimu wenu 14, tuseme wanaweza kusafiri 9. Andikeni 18.

Bei zifuatazo ni makadirio, zirekebisheni kwa hali ya huko:

Nauli kwenda na kurudi, 18 × 75,000 = 1,350,000
Vyumba 9 vya vitanda viwili, usiku mbili, 40,000 kwa usiku = 720,000
Chakula, watu 65 (walimu na wasindikizaji wao, ninyi 35 hivi, wenyeji wa shule) × 15,000 = 975,000
Turubai, viti, spika = 450,000
Bahasha 9 × 100,000 = 900,000

Jumla 4,395,000. Inabaki 405,000, na hiyo ni ya dharura pamoja na kuwafuata wale wasioweza kusafiri. Fulana hazimo. Mnaozitaka jilipieni.

Fedha ikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, au huduma ya vikundi ya kwenye simu kama M-Koba, ambako mtu mmoja hawezi kutoa bila wenzake kuidhinisha. Isikae kwenye laini ya mweka hazina. Hata akiwa malaika, siku simu yake ikipotea mtaanza kutazamana. Orodha ya waliolipa iwekwe kundini kila Jumapili, majina na kiasi, bila maneno mengine. Wasiolipa watajiona wenyewe.

Bahasha ziwe sawa kwa walimu wote. Habari ya "huyu alinifaulisha Kemia aongezewe" kila mtu akaifanye kwa mfuko wake, faragha. Na msiwasahau matroni, mpishi na dereva wa gari la shule. Mara nyingi hao ndio waliostaafu na kidogo zaidi.

---

Kidato96:

Asanteni sana, Nane Nane nimeshaifuta. Naomba nimalizie na mambo matatu. Walimu wawili wana zaidi ya miaka 80, mmoja anatembelea magongo na yuko Dar. Kamati inataka kuwapa ngao za kioo zenye majina yao. Na MC atakuwa mwenzetu mmoja, mchekeshaji kwelikweli, anazikumbuka a.k.a. (majina ya utani) zote za walimu.

---

MwlMstaafu:

Naandika kama mmoja wa upande wa pili wa meza.

Huyo wa magongo msimlete. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, na mlima Kitonga lori likikwama mnaweza kukaa barabarani saa nyingi bila choo. Kuna atakayewaambia mumpandishe treni ya SGR mpaka Morogoro au Dodoma kisha gari. Kwa mwenye miguu mizima ni wazo zuri, kwa mwenye magongo kushuka na kupanda upya ndiyo adhabu yenyewe. Mfuateni nyumbani wiki moja kabla. Waende watu watatu, si kumi na wawili, kwa miadi, asubuhi, na chakula mbebe, msiipe nyumba yake kazi ya kupika. Mrekodini kwa simu dakika tano hivi akizungumza na darasa, kisha video hiyo ionyeshwe siku ya shughuli. Wa pili, ulizeni watoto wake waseme wenyewe anaweza nini.

Wanaosafiri wafike Ijumaa kabla ya giza. Vyumba viwe vya chini, na mtu akakague choo: cha kukaa, kisichoteleza. Kila mwalimu awe na mwanafunzi mmoja wa kumhudumia kuanzia anaposhuka kwenye basi mpaka anaporudi kwake, na namba ya huyo mwanafunzi awe nayo msindikizaji. Likikabidhiwa kamati nzima, mwalimu ataachwa stendi.

Shughuli ianze saa nne asubuhi, chakula saa saba kamili, kufunga saa tisa. Hiyo saa saba isisogezwe hata kama mgeni fulani hajafika. Miongoni mwetu kuna wanaochoma sindano za sukari, na aliyechoma asipokula kwa wakati anaweza kuanguka. Pilau iwepo, lakini pembeni pawe na ugali wa dona, samaki, mboga za majani na maharage. Nyama iwe ya kuchemsha hadi ilainike. Chai isitiwe sukari jikoni, sukari ikae mezani.

Meza ya walimu iwe chini, kivulini, viti vyenye mikono ya kushikilia wakati wa kuinuka. Jukwaa la ngazi tatu linatupa heshima na kutunyima amani. Kadi za majina mtakazovaa ziwe na jina la shuleni, si la ndoa, pamoja na mkondo, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mwenye mtoto wa jicho aliyeketi upande wa pili wa meza. Upana wa kidole gumba kwa kila herufi unatosha.

MC wenu aambiwe mapema: a.k.a. za walimu ni marufuku kwenye maiki, na vichekesho vya viboko pia. Kuna mwalimu atakayecheka, kuna atakayenyamaza siku nzima, na kuna mwanafunzi mwenzenu ambaye kwake si kichekesho. Mwalimu akipewa maiki aulizwe swali moja mahususi, kwa mfano ile maabara ilijengwaje au mwaka ule maji yalipokatika mlifanyaje. Ukimwambia "sema neno", atatoa hotuba ya nusu saa kuhusu maadili, nasi tunajijua.

Ngao hapana. Inavunjika ndani ya basi na nyumbani haina pa kukaa. Chapisheni picha ya darasa ya 1996 kwa ukubwa wa A4, majina yote yaandikwe chini kwa mpangilio wa safu, mumpe kila mwalimu pamoja na blanketi zito. Bahasha asitangaziwe mtu kiasi. Mzee anayejulikana kijijini kwamba ametoka na laki moja mfukoni mmemwekea hatari.

---

mama_Kihesa:

Kwenye bahasha, mkiamua kutuma kwa simu, ongezeni ya kutolea. Pia kabla hamjatuma, angalieni jina linalotokea. Laini nyingi za wazee zimesajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu, na simu inashikwa na huyohuyo. Jina likiwa si la mwalimu, msitume. Mkabidhini mkononi, msindikizaji akiwepo.

---

BwaloKuu:

Na spika. Fundi wa muziki hupenda kuziweka kando ya meza kuu, yaani sikioni kwa walimu. Zipelekwe mbele, zielekee wanafunzi, na muziki uzimwe kabisa wakati wa kula. Hapo ndipo walimu wanapozungumza na wanafunzi, na asiyesikia vizuri hawezi kushindana na spika. Maiki za mkononi chukueni mbili, na betri za akiba. Jenereta la shule lijaribiwe Ijumaa likiwa limebeba spika zote, si taa mbili.